Macho ya Mtoto: Maswali Ambayo Wazazi na Walezi Huuliza Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila siku kwenye mabenchi ya kliniki za macho, Tanzania na Kenya. Yamepangwa kwa mada. Kama mtoto wako ana mboni nyeupe, ameumia jicho, au ni mchanga wa siku chache na anatoa usaha machoni, usianze kusoma. Nenda hospitali leo, utasoma ukirudi.

## Mambo ya mwanzo

Nitajuaje kama mtoto wangu mchanga anaona?

Mtoto huzaliwa akiona kwa ukungu. Anachokiona vizuri zaidi ni kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani uso wa mama anayemnyonyesha. Akifika wiki 6 hadi 8 anatakiwa akutazame usoni na kutabasamu hata kama hujamsemesha. Akifika miezi 3 afuate kwa macho kitu unachokipitisha mbele yake, na kufikia miezi 5 au 6 anyooshe mkono kukamata anachokiona.

Unapomjaribu, kaa kimya. Mtoto asiyeona hugeukia njuga au sauti ya mama yake upesi sana, na nyumba nzima ikaamini kwamba ameona. Tumia uso wako au kitambaa cha rangi kali kisicho na sauti. Akitimiza miezi 3 na macho bado yanazurura bila kutua popote, au yanachezacheza mfululizo, mpeleke akapimwe.

Apimwe macho lini kwa mara ya kwanza?

Kabla hajatoka wodi ya wazazi. Mhudumu humulika macho yote mawili kwa kifaa chenye taa na kuangalia kama mboni zinarudisha mwanga mwekundu au wa chungwa unaolingana. Ni kazi ya sekunde chache na haiumi. Mwanga ukiwa mweupe, hafifu au tofauti kati ya jicho na jicho, kuna kitu ndani kinachouzuia. Katika vituo vingi kipimo hiki hurukwa kwa kuwa kifaa hakuna au wodi imeelemewa, kwa hiyo mzazi akiomba hakosei.

Baada ya hapo, tumia siku za kliniki: wiki ya 6, na miezi 9 anapochanjwa surua, mwombe muuguzi amwangalie macho. Apimwe tena kati ya miaka 3 na 5, kabla hajaanza darasa la kwanza, kisha kila mwaka mmoja au miwili. Familia zenye historia ya saratani ya jicho, mtoto wa jicho wa utotoni au miwani mizito tangu udogoni zisifuate ratiba hii. Mtoto wao aonwe na mtaalamu wa macho mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa.

Hajui kusoma herufi. Atapimwaje?

Hahitaji kusoma. Mtaalamu humulika jicho kwa kifaa maalumu, hubadilisha lenzi mbele yake, na kwa kutazama jinsi mwanga unavyotembea ndani ya mboni hupata namba ya miwani hata ya mtoto wa miezi 4. Kabla ya hapo huweka matone ya kupanua mboni, mara nyingi atropini au saiklopentoleti. Matone hayo yatamfanya aone ukungu karibu na asipende jua kwa siku moja au zaidi (atropini huchukua hadi wiki mbili kuisha). Hayo ni ya kawaida. Uso ukiwa mwekundu sana na mtoto akapata homa baada ya matone, mrudishe hospitali.

Watoto wa chekechea hupimwa kwa picha, au kwa herufi E iliyogeuzwa pande nne, mtoto akionyesha kwa vidole inakotazama. Hata mwalimu anaweza kufundishwa kazi hii. Katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, walimu walipima wanafunzi kwa programu ya simu iitwayo Peek. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto waliopewa rufaa kwa njia hiyo, wazazi wao wakipata ujumbe wa simu, walifika hospitali. Katika shule zilizotumia chati na barua za kawaida hawakufika hata robo.

Kwa nini wataalamu wana haraka hivi? Si atakua na kuacha?

Kwa sababu macho hupokea picha tu, na ubongo ndio unaojifunza kuona. Mafunzo hayo yana wakati wake: yanaenda kasi miaka miwili ya kwanza na kupungua mtoto anapokaribia miaka 7 au 8. Jicho lililofunikwa na ukungu, lililopinda au lenye namba kubwa ya miwani kuliko mwenzake hupeleka picha mbaya, ubongo ukaamua kulipuuza. Hilo ndilo jicho zembe. Likitazamwa kwa nje ni zima kabisa.

David Hubel na Torsten Wiesel walilithibitisha hili kwa kufunga jicho moja la vitoto vya paka, kazi iliyochangia kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Jicho lilipofunguliwa baadaye lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umeshaacha kulisikiliza. Mtu mzima akipata mtoto wa jicho anaweza kungoja miaka mitano, akafanyiwa upasuaji na kuona vizuri. Mtoto mchanga akingoja hata mwaka mmoja, upasuaji mzuri kabisa hauwezi kumrudishia kile ubongo haukujifunza. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hili.

## Dalili zisizosubiri

Kwenye picha za simu, jicho moja la mtoto linang'aa jeupe. Ni mwanga tu?

Pengine. Mtoto akitazama pembeni wakati wa fleshi, jicho moja linaweza kutoa mwanga mweupe bila ugonjwa wowote. Lakini hakuna njia ya kuhakikisha hilo nyumbani. Mboni nyeupe, ile ambayo watu huiita jicho la paka, ina sababu mbili kubwa: mtoto wa jicho na retinoblastoma, yaani saratani ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha). Moja hupofusha na nyingine huua.

Mpeleke ndani ya siku chache kwenye hospitali yenye daktari bingwa wa macho, ukiwa na picha hizo kwenye simu. Zahanati wakikuambia jicho ni zima, omba rufaa hata hivyo. Wengi walioniambia "tuliiona mapema" waliiona gizani, taa ya koroboi au ya simu ilipompiga mtoto usoni, na mchana hawakuiona tena.

Daktari anasema jicho litolewe. Hakuna dawa?

Hili ni swali zito kuliko yote katika ukurasa huu.

Retinoblastoma hutokea zaidi kabla ya miaka 5, na chanzo chake ni hitilafu kwenye jeni iitwayo RB1. Si laana, si jicho la husuda, na mama hakuisababisha kwa chakula alichokula au alichokiona akiwa mjamzito. Uvimbe ukikutwa mdogo, unaweza kutibiwa kwa leza, kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa dawa za saratani, na jicho likabaki. Ukikutwa umejaza jicho, uoni umeshaondoka na kinachogombewa ni uhai. Kulitoa jicho saratani ikiwa bado ndani ndiyo tiba yenyewe. Katika nchi zenye huduma nzuri, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 wanapona. Kwetu wengi hupotea kwa sababu wanafika jicho limeshatokeza nje, na saratani imeshafuata mshipa wa fahamu kuelekea ubongoni.

Kinachoniumiza ni familia zinazotoroka wodini usiku baada ya kusikia neno "kutoa". Zinaenda kwa mganga au kwenye maombi, zinarudi baada ya miezi mitatu au minne, na safari hii daktari hana tena cha kuahidi. Ombeni, na mwombe pamoja na viongozi wenu wa dini, huku mtoto akiwa kitandani hospitalini. Omba pia kuonana na mzazi ambaye mwanawe alitolewa jicho akapona. Atakueleza mambo ambayo daktari hana muda nayo.

Upasuaji hufanywa mtoto akiwa usingizini kabisa. Baada ya wiki 6 hivi huwekewa jicho la bandia, na hubadilishwa anavyokua. Atasoma, atacheza mpira, atafanya kazi, kwa kuwa jicho moja zima linatosha kwa karibu kila jambo. Jicho lililotolewa lazima lipimwe maabara ili ijulikane kama anahitaji dawa za saratani pia. Ndugu zake wadogo nao waangaliwe, hasa ikiwa macho yote mawili yaliathirika, kwani aina hiyo hurithiwa. Hospitali za Muhimbili na KCMC nchini Tanzania, Kenyatta na Kikuyu nchini Kenya, na Ruharo huko Mbarara, Uganda, zina uzoefu na ugonjwa huu.

Mtoto wa jicho si ugonjwa wa wazee?

Lenzi ya jicho inaweza kuzaliwa na ukungu. Sababu ni urithi, au rubela aliyoipata mama katika miezi ya mwanzo ya mimba, au jeraha, na mara nyingi haijulikani. Rubela kwa mama ni homa ndogo na vipele vya siku tatu. Kwa aliye tumboni inaweza kuharibu macho, masikio na moyo kwa pamoja. Chanjo ya surua na rubela imeingia katika ratiba ya Tanzania tangu 2014 na ya Kenya tangu 2016, na dozi zake ni miezi 9 na miezi 18. Unapompeleka mwanao, wa kiume pia, unawakinga pia wajawazito wa mtaani kwako.

Matone hayaondoi mtoto wa jicho. Ni upasuaji, na kwa ukungu mzito wa kuzaliwa muda mzuri ni kati ya wiki ya 6 na ya 10. Ukichelewa, nenda vilevile, maana kilichobaki cha uoni kina thamani.

Amefanyiwa upasuaji, mbona bado anatakiwa avae miwani na kurudi kila mara?

Kwa sababu upasuaji umefungua njia tu. Lenzi yake imetolewa. Hata akiwekewa ya bandia, bado atahitaji miwani, kwa kuwa jicho linakua na namba inabadilika. Asipoivaa, picha inabaki ukungu na ubongo unaendelea kulipuuza jicho, kama ilivyoelezwa kwenye jibu la "atakua na kuacha". Kwa watoto ukungu mwingine hujitengeneza nyuma ya lenzi, na presha ya jicho inaweza kupanda hata miaka mingi baadaye. Familia nyingi hazirudi tena baada ya upasuaji, hasa zinazoishi mbali na mji. Kabla hujaruhusiwa, waambie ukweli kuhusu nauli ili wakupangie kliniki ya karibu au wakuunganishe na ustawi wa jamii.

Mtoto ana macho makubwa mazuri, lakini hapendi mwanga na anatokwa machozi. Ni tatizo?

Inaweza kuwa presha ya macho ya utotoni. Jicho la mtoto mchanga ni laini, presha ikipanda linatanuka, na watu wanasifu ukubwa wake. Ishara ni tatu zikiwa pamoja: machozi, kukimbia mwanga, na kioo cheusi cha mbele kuonekana kikubwa au chenye rangi ya maziwa. Tiba yake kuu ni upasuaji, na haraka.

## Makengeza na miwani

Makengeza yataisha yenyewe?

Kabla ya miezi 3 au 4 macho kupishana mara mojamoja ni kawaida. Baada ya hapo, au yakiwa ya kudumu katika umri wowote, yapimwe. Wapo watoto wenye pua pana kwa juu ambao huonekana wana makengeza bila kuwa nayo. Daktari humulika na kuangalia nukta ya mwanga inatua wapi katika kila jicho.

Wako wanaoyaona makengeza kuwa alama ya uzuri au ya kheri, na mtoto akaachwa hivyo. Tafadhali mpeleke. Jicho linalopinda hugeuka zembe upesi, na kwa wachache makengeza ndiyo dalili ya kwanza ya mtoto wa jicho au ya saratani (angalia swali la picha za simu). Wengine hunyooka kwa miwani peke yake, wengine kwa upasuaji wa misuli iliyo nje ya jicho. Jicho halitolewi wala halifunguliwi.

Tumeambiwa tufunike jicho zima. Si ndilo analoonea?

Ndiyo sababu. Likifunikwa, ubongo unalazimika kulitumia lililozembea. Kitambaa cha kunata hubandikwa kwenye ngozi chini ya miwani, kwa sababu kikiwekwa juu ya kioo mtoto huchungulia pembeni. Kwa uzembe wa wastani saa 2 kwa siku zimeonekana kutosha. Ukiwa mkubwa daktari anaweza kusema saa 6. Wiki ya kwanza atalia na kukibandua. Chagua muda ambao ana kitu anachokipenda: katuni, kuchora, kuchambua mchele na bibi. Usizidishe saa ulizopewa na usiruke kliniki, kwani jicho zima nalo likifunikwa kupita kiasi linaweza kuzembea. Kwa wasiokubali kabisa, matone ya atropini kwenye jicho zima ni njia nyingine, na yana matokeo yanayokaribiana.

Amevuka miaka 8? Jaribu vilevile. Maendeleo ni ya polepole, lakini wapo waliofaidika hata wakiwa na miaka 12.

Miwani haitamzoesha vibaya, macho yakazidi kuwa dhaifu?

Haitamzoesha vibaya. Hii ni imani iliyoacha watoto wengi nyuma ya darasa. Namba huongezeka kwa sababu jicho linakua kwa urefu, na lingekua hivyo hata bila miwani. Mtoto hulilia miwani baada ya kuivaa kwa kuwa sasa anajua ubao unavyopaswa kuonekana. Mtoto mdogo mwenye namba kubwa akinyimwa, hatari ni jicho zembe, ambalo miwani ya ukubwani haitalirekebisha.

Nunua fremu ya plastiki inayokaa vizuri puani, yenye lenzi za plastiki zisizovunjika kirahisi, na mkanda wa kichwani kwa wadogo. Miwani ya babu au ya mnadani haifai. Mwambie mwalimu, ili wenzake wasimwite majina na ili akae mbele siku ameisahau.

Simu na runinga zinaharibu macho?

Hazipofushi. Kinachojulikana ni kwamba kazi ya karibu kwa saa nyingi na kukosa mwanga wa nje huenda pamoja na kutoona mbali, hali inayoongezeka mijini. Saa 2 kwa siku nje, kwenye mwanga wa mchana, hupunguza uwezekano wa kuipata. Wenye namba inayopanda kwa kasi wanaweza kuandikiwa atropini hafifu sana kila usiku.

## Macho mekundu, tongotongo na kuwasha

Mchanga wa siku 3 ana usaha machoni. Nimpe maziwa ya mama?

Maziwa ya mama ni ya kunywa. Usaha mwingi na kope zilizovimba ndani ya siku 28 za kwanza ni dharura, kwani kisonono kilichopitia njia ya uzazi kinaweza kutoboa konea (kioo cha mbele cha jicho) hata ndani ya siku moja. Mafuta ya tetrasaiklini anayopakwa anapozaliwa ni kinga tu. Akishaugua anahitaji sindano na kuoshwa macho mara kwa mara, na mama na baba watibiwe pamoja naye, bila kulaumiana mbele ya mgonjwa.

Jicho moja lina machozi na tongotongo tangu azaliwe, lakini si jekundu.

Huenda mfereji wa machozi haujafunguka. Karibu watoto 9 kati ya 10 hufunguka kabla ya mwaka. Osha mikono, weka kidole kwenye kona ya ndani ya jicho, kandamiza taratibu ukishuka kando ya pua, mara kumi hivi, mara 3 au 4 kwa siku. Ukipita mwaka, mfereji huzibuliwa hospitalini. Kama machozi yanaambatana na kukimbia mwanga, rudi kwenye swali la macho makubwa.

Macho mekundu yameingia shuleni. Tufanye nini?

Kama ni virusi, kama wimbi la mwanzoni mwa 2024 lililopita Dar es Salaam na Mombasa, hupona yenyewe kwa wiki moja hadi mbili. Osha macho kwa maji safi, taulo la kila mtu liwe lake, mikono ioshwe, mtoto abaki nyumbani. Usitumie mkojo, mate, chumvi, majani wala asali. Wizara ya Afya ya Tanzania ililazimika kulionya hili wakati ule, na kwa sababu nzuri: baadhi ya makovu kwenye konea hayatoki kwa ugonjwa wenyewe, yanatoka kwa kilichotiwa jichoni. Akisema haoni vizuri, ana maumivu makali, au kuna doa jeupe juu ya cheusi, hayo si macho mekundu ya kawaida.

Macho yanamwasha kila mwaka, yamekuwa ya kahawia. Kuna dawa ya duka inayomsaidia sana. Niendelee nayo?

Soma jina lililo kwenye chupa. Ikiwa na deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, na jibu ni usiendelee bila daktari. Mzio huu ni wa kawaida sana kwetu, huwapata wavulana zaidi, hudumu miaka na mara nyingi huisha balehe. Steroidi hutuliza kwa siku mbili, mzazi anafurahi, chupa inanunuliwa tena na tena, na kimyakimya presha ya jicho inapanda na mtoto wa jicho anatengenezeka. Nimewaona vijana waliopoteza uoni kwa chupa za bei ya soda, na mzio wenyewe usingewapofusha.

Dawa salama za muda mrefu zipo, kama kromoglikati na olopatadini, ila faida yake kamili huja polepole na zinatakiwa kila siku hata asipowashwa. Kitambaa cha maji baridi kinasaidia. Asisugue macho, kwani kusugua kwa miaka huweza kuisokota konea ikachongoka. Daktari anaweza kuandika steroidi kwa muda mfupi, akipima presha.

Vikope vinampata mtoto mdogo?

Watoto ndio wanaovibeba. Bakteria wa vikope (trakoma) huhama kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye uso wenye tongotongo. Mtoto huambukizwa mara nyingi bila kulalamika, kope hufanya makovu kwa ndani, na ukubwani nywele hugeuka na kukwaruza konea. Ndiyo maana bibi na mama hupofuka zaidi, wao wakiwa ndio walezi. Kongwa mkoani Dodoma imefanyiwa tafiti za ugonjwa huu tangu miaka ya 1980. Azithromaisini ikigawiwa kijijini kwako, familia nzima inywe, na watoto wanawe uso kila siku. Kikombe kimoja cha maji kinatosha nyuso kadhaa.

Wanja kwa mtoto mchanga?

Baadhi ya wanja una madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo. Usimpake ndani ya jicho.

## Surua, lishe na ajali

Surua inaingiaje kwenye macho?

Surua hukwangua konea na wakati huohuo humaliza akiba ya vitamini A. Mtoto mwenye utapiamlo anaweza kupofuka macho yote mawili ndani ya siku chache, na dawa za kienyeji humaliza kilichobaki. Kila mwenye surua apewe vitamini A siku mbili mfululizo, na dozi ya tatu baada ya wiki 2 hadi 4 kama macho yameguswa.

Dalili ya mapema ya upungufu ni kujikwaa jioni: anacheza vizuri mchana, magharibi ikiingia anakaa kimya au anashika nguo ya mama. Kuna pia vidoa vya povu kwenye weupe wa jicho. Kinga ni matone ya kila miezi 6 kutoka miezi 6 hadi 59, ambayo Tanzania hutolewa Juni na Desemba. Nyumbani kuna maini, mayai, dagaa, viazi lishe vya rangi ya chungwa, maembe, mapapai, mchicha na matembele. Mboga ziungwe kwa mafuta kidogo, kwani bila mafuta vitamini hii hainyonywi vizuri.

Amechomwa na kijiti au kalamu jichoni. Nifanye nini kwanza?

Usioshe, usikandamize, usitoe kilichochomeka, usiweke dawa yoyote. Funika kwa kitako cha kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, ubandike kwa plasta, asile wala kunywa njiani maana anaweza kupasuliwa leo, na uende moja kwa moja kwenye hospitali yenye upasuaji wa macho.

Chokaa, maji ya betri, gundi au dawa ya kusafishia ni kinyume chake. Anza kuosha hapohapo kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 30, ukifunua kope, ndipo safari ianze.

## Hali maalumu

Alizaliwa njiti na akawekwa kwenye oksijeni. Kuna la kufuatilia?

Ndiyo, na lina tarehe. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5 achunguzwe retina takriban wiki 4 baada ya kuzaliwa. Wodi nyingine huwapima hata wakubwa kidogo waliougua sana. Mishipa ya damu ya retina haikuwa imemaliza kukua, na ikienda kombo huivuta retina ikabanduka. Leza au sindano ndani ya jicho huokoa, katika dirisha la siku chache. Ukiruhusiwa mapema, usiondoke bila tarehe hiyo kuandikwa kwenye kadi.

Ana ualbino. Miwani itamponya?

Haitaponya, ila itamsaidia sana. Sehemu ya retina ya kuonea kwa makini haikukomaa, na macho huchezacheza. Apimwe namba tangu mdogo, apewe kofia pana na lenzi za kivuli, akae mbele darasani, aruhusiwe kusogeza kitabu puani. Kusogeza hakumdhuru. Akiinamisha kichwa upande, mwache, amepata pembe ambayo macho yanatulia.

Ana selimundu. Inahusu macho?

Achunguzwe retina kuanzia miaka 10 hata kama anaona vizuri. Akipigwa jicho na damu ikaonekana ndani, mwambie daktari mara moja kuhusu selimundu, maana kwake hata presha ya wastani ni hatari.

Madaktari wanasema macho ni mazima lakini haoni. Inawezekanaje?

Baada ya kuchelewa kulia alipozaliwa, malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo, sehemu ya ubongo inayoona inaweza kuumia. Uoni wa watoto hawa hupandashuka ndani ya siku hiyohiyo, na wengi huongezeka kwa miezi na miaka. Mwonyeshe kitu kimoja kwa wakati, cha rangi nyekundu au njano, kikitikiswa, mbele ya kitambaa cheusi, pasipo na kelele. Mpe muda ajibu.

Ameshatibiwa na uoni umebaki hafifu. Shule ipi?

Kwanza kliniki ya uoni hafifu, kabla ya shule. Baadhi ya watoto hupelekwa shule za wasioona na kufundishwa nukta nundu (maandishi ya kupapasa kwa vidole) ilhali wangesoma maandishi ya kawaida kwa miwani sahihi na lenzi ya kukuzia. Asiyeweza kabisa kusoma maandishi aanze nukta nundu mapema, ambayo ni elimu kamili: shule za Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam na Thika nchini Kenya zimewasomesha wengi. Omba ripoti iliyoandikwa inayotaja anaona nini na kwa umbali gani, upeleke nakala kwa mwalimu mkuu na nyingine kwa afisa elimu maalumu wa wilaya au kaunti. Bila karatasi hiyo, muda wa ziada kwenye mtihani na maandishi makubwa havitolewi.